Hotuba ya Bingwa wa Chaji, Kijiwe cha Mlali

Ndugu madereva, mafundi wenzangu wa ngazi ya chini, na wewe mama yangu mwenye kabichi, tulieni. Guta limezima, lakini elimu haijazima.

Kujitambulisha hakuna haja, ila nitajitambulisha. Mimi ndiye bingwa wa mifumo ya chaji kuanzia Sangasanga mpaka Mgeta. Wapo wambea wanaosema sikusoma. Chuo Kikuu cha Mzumbe nimekipitia miaka na miaka, maana gari la kwenda mjini haliendi bila kupita pale. Wenzangu walishuka, wakaingia getini, wakatoka na karatasi. Mimi sikuona sababu ya kushuka.

Sasa somo. Betri hii ya asidi iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Alijitahidi, simnyimi haki yake, ila barabara ya Mgeta hakuijua. Guta kuukuu likirushwa kwenye makorongo yale na magunia ya karoti mgongoni, nati hulegea zenyewe na nyaya huanza kucheza. Wewe mpwa wangu, toka huko chini ya kiti! Mjomba anafundisha.

Tunaendelea. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 au juu yake kidogo. Ukiwasha na kuvuta mafuta, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiganda kwenye 12, chaji haifiki. Ikivuka 15, regureta imekufa, na maji ya betri yatachemka. Namba hizi zote ziko kichwani. Mita yenyewe iko kwa mwenye grosari, ananitunzia mpaka nimalize deni. Kwa hiyo napima kibingwa: nagusanisha nyaya, cheche ikiruka umeme upo. Regureta zilizoungua papo hapo zilikuwa feki, hazijazoea wataalamu.

Kuna nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili. Wenye haraka huchomoa soketi, huwasha injini, hupima kila jozi waone kama zinalingana, kisha huzima na kuhakikisha hakuna hata mmoja unaogusa bodi. Mimi nilizitazama. Zilikuwa za njano. Nikaridhika.

Mama anauliza kwa nini wiki iliyopita nilimuuzia betri mpya, juzi regureta, jana koili, na leo guta limemlalia tena hapa na mzigo. Swali zuri kwa mtu asiye fundi. Ubingwa una utaratibu wake: unaanza na kifaa cha bei kubwa, unashuka taratibu, na mteja anashuka na wewe. Wanafunzi ndio wanaoambiwa waanze na fyuzi, wakwangue ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri, wafuate waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye chesisi, waukaze. Kazi ya msasa na spana namba 10! Ningemtoza mama shilingi ngapi kwa msasa?

Mbona mnacheka? Nani amepiga kiki?

Naam. Naona mpwa wangu ameikuta bolti ya waya wa hasi imelegea na kushika kutu, ameikwangua, ameikaza, na injini inaunguruma. Tena ameazima mita kwa fundi simu, inasema 14.2. Je, mmeshuhudia? Nimefundisha kwa mdomo tu na chuma kimetii. Na asijitape. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, mjomba hurithiwa na mpwa wake. Alichokijua kijana huyu ni urithi kutoka kwangu, ameuchukua mapema kidogo, na hakuomba ruhusa.

Mama yangu, kabla hujazikimbiza kabichi zako Soko Kuu la Chifu Kingalu, tumalizane. Ada ya hotuba ni shilingi elfu ishirini. Kijana mnunulie soda, asiharibike. Regureta na koili nilizokufungia hazirudishwi, maana zimeshaonja mafuta. Na ile betri yako ya zamani usiisumbukie. Ilikuwa nzima kabisa, ndiyo maana nimeiuza siku ileile.