Maji Yameisha, Kinini Kimebaki

Butembo dawa haimezwi, hunywewa. Hata kidonge kikavu kama kokoto hunywewa. Kosa linaanzia hapo. Mama humpa mtoto kikombe cha maji na kidonge kimoja, humwambia "kunywa kinini," na mtoto, ambaye ni mtiifu kuliko wanasheria wote wa mji, hunywa. Maji yanakwisha. Mdomo unafunguliwa kwa ukaguzi. Kinini kipo, kimebandikwa kwenye ufizi wa juu kama stempu kwenye barua.

Baba mmoja wa mji huo, ambaye ndiye anayeandika haya lakini anaona haya kujitaja, amefanya ukaguzi wa namna hiyo mara nyingi kiasi cha kustahili sare.

Tatizo lingine liko kwenye jina. Upande wa Kivu, mashariki mwa Kongo, kidonge mara nyingi huitwa kinini, hata kiwe cha kichwa au cha minyoo, na jina hilo ni kwinini ile ile, dawa chungu kuliko zote zilizowahi kupita koo la binadamu. Mtoto anatishwa kabla hajaonja. Ajabu ni kwamba uchungu wenyewe unalimwa papa hapa. Kwenye milima ya Lubero wakulima hupanda kinkina, mti ambao gome lake hutoa kwinini, na magunia ya magome hupita sokoni Butembo. Mtu huyo huyo anayesifu gome mbele ya mnunuzi hukunja uso akipewa kidonge chake.

Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na jioni watu huvaa sweta. Beni, kilomita zipatazo 54 kaskazini, iko chini na ina joto. Mbu wake hawana likizo. Mtoto akienda kuwasalimu ndugu Beni, baada ya wiki mbili hivi nyumbani kuna homa, kipimo, na pakiti ya dawa ya malaria, artesunate-amodiaquine. Mchanganyiko huo wa kidonge kimoja ulitoka mwaka 2007 kwa ushirikiano wa kampuni ya Sanofi na shirika la utafiti wa dawa la DNDi: mara moja kwa siku, siku tatu, watoto wana vipimo vyao, mtu mzima vidonge viwili kwa mpigo. Kidonge chenyewe kina tabaka mbili, upande mmoja mweupe, upande mwingine wa manjano. Msomaji aikumbuke hiyo manjano.

Kwa mtoto mdogo kidonge kinaweza kuyeyushwa katika maji kidogo. Neno "kidogo" ndilo lililompita baba huyo. Yeye aliyeyusha dozi katika bakuli zima la uji wa mtama, akaongeza sukari, akajiona fundi. Mtoto alikula vijiko viwili, akanyamaza, akamtazama baba yake kwa jicho la mtu aliyesalitiwa, kisha akasukuma bakuli. Sasa ndani ya uji kulikuwa na sehemu ya dozi isiyojulikana, ndani ya mtoto sehemu nyingine isiyojulikana, na uji ukawa haramu nyumbani kwa mwezi mzima. Kumbana pua na kumwaga dawa kwa nguvu ni kubaya zaidi, maana anayelia huvuta pumzi, na dawa hufuata pumzi hadi mapafuni.

Viwanda navyo vimejaribu kubembeleza. Mwaka 2009 kampuni ya Novartis ilitoa Coartem, dawa nyingine ya malaria, ya watoto, inayoyeyuka majini, yenye ladha ya cheri. Wazo zuri! Ila mtoto wa Butembo, aliyelelewa kwa marakuja na ndizi mbivu, hajawahi kuiona cheri, kwa hiyo anaionja kama dawa nyingine tu yenye maringo.

Paka hawana hata adabu ya kulia. Dawa ikifichwa ndani ya kipande cha samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi, paka atakila kipande chote na kuacha kidonge sakafuni, kimelambwa, kinang'aa. Kikisukumwa kwa kidole, kidole ndicho kinachoumwa. Na hata akikubali, lazima anyweshwe maji kidogo baadaye, kwa sababu kidonge cha doxycycline kikikwama kwenye umio wa paka huuchoma. Paracetamol asipewe kamwe: ile inayomtuliza mwenye nyumba humwua paka.

Mbuzi hunyweshwa dawa ya minyoo kwa chupa, na waliozoea hawamwinui kichwa sana, kwa hofu ile ile ya mapafu. Sayansi imefika hapo hapo kwa binadamu. Mwaka 2014 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliwajaribu watu 151. Kwa kidonge kigumu walipendekeza chupa laini ya plastiki: weka kidonge ulimini, bana midomo kwenye chupa, nyonya maji bila kuingiza hewa. Kwa kapsuli, ambayo huelea, inamisha kichwa mbele ndipo umeze. Baba wa Butembo aliwaonyesha wanawe njia ya chupa. Wakamuuliza kama ana minyoo.

Lakini mtoto na mbuzi husema wazi kwamba hawataki. Mtu mzima husema "asante."

Mwishoni mwa Novemba 2018, Beni ikiwa katikati ya Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti mwaka huo, kulianza kampeni ya siku nne ya kugawa dawa za malaria na vyandarua nyumba kwa nyumba, ikilenga watu hadi 450,000. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeona malaria ya Septemba katika Kivu Kaskazini imepanda mara nane kuliko Septemba ya mwaka uliotangulia, na karibu nusu ya waliopimwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Kuzima malaria kulimaanisha watu wachache zaidi kukaa foleni pamoja na wenye Ebola. Hesabu safi. Ila jaribu kumweleza mtu mzima asiyeumwa, mwenye sufuria jikoni, kwamba ameze dawa. Mjini Monrovia, Liberia, mwaka 2014, dawa zilipogawiwa hivyo hivyo wakati wa Ebola, wengi waliziweka akiba kwa siku watakayougua. Wafanyabiashara wa Butembo wangewaelewa kabisa: nani hula bidhaa siku inapoingia ghalani?

Nyumbani kwa baba yule mwenye ghala ni Mukaka, yaani bibi kwa Kinande. Alipatwa na malaria, akapewa vidonge vyake sita. Siku ya kwanza alivimeza viwili mbele ya watu. Kesho yake homa ilishuka, akaomba apewe vilivyobaki na kikombe chake, anywe kwa utulivu chumbani. Nani atamkagua Mukaka mdomo?

Jumamosi wasichana walifua. Kwenye pembe ya kikwembe chake kulikuwa na fundo, na fundo lilipofunguliwa, tope la manjano lilitiririka ndani ya beseni.

"Mukaka, si ulisema ulikunywa?"

"Nilikunywa," akajibu. "Maji yote."