Fadhila za Toleo la Kale

Wako waja waliotungiwa kasida na hawakustahiki hata ubeti mmoja, ilhali toleo la 5.6 la PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, lililotoka mwaka 2014 na ambalo hata waliolibuni waliacha kuliziba nyufa zake mwishoni mwa 2018, lingali likiitumikia seva moja hapa Kacyiru, Kigali, katika ofisi nitakayoisitiri jina, pasina mtu kulisemea neno la heri. Kazi hiyo naichukua mimi, niliyekabidhiwa seva yenyewe.

Halidai nyongeza ya mshahara. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Kigali nzima ikiwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, lenyewe liko zamu. Lakini fadhila yake ipitayo zote ni insafu. Ukiliuliza kama sifuri ni sawa na neno "mkurugenzi", litakujibu bila kusita kwamba ni sawa. Ukiliuliza juu ya "mshauri", "kamati" au "mwenyekiti", hukumu ni ile ile, kwa kuwa kila neno lisiloanza na tarakimu, likipimwa na namba, kwalo huwa sifuri. Ni kadhi gani aliyepata kuwasawazisha wakubwa kwa uadilifu kama huu, asiangalie cheo wala gari? Toleo la 8, lilipotoka Novemba 2020, liliitangua fatwa hiyo, likasema sifuri ni sifuri na mkurugenzi ni mkurugenzi. Nami, kwa niliyoyasikia vikaoni, nimebaki katika madhehebu ya kale.

Tena lina wivu wa ndoa. Liondoe, umweke mrithi wake, na kila programu inayoita mysql_connect ili kuifikia hifadhidata itakata roho papo hapo, maana amri hiyo ilifutwa katika toleo la 7.0, mwaka 2015, baada ya kukemewa tangu toleo la 5.5, na mwananchi aliyekuja kuomba cheti haoni kosa lolote, ila ukurasa mweupe pe.

Na dawa ipo, jamani, wala si ya siri! Matoleo mawili hukaa katika seva moja bila ugomvi, kila moja na php-fpm yake ya kuliendesha, programu zikahamishwa moja moja, nyepesi kwanza, baada ya kujaribiwa kwenye seva ya pembeni. Seva hiyo ya pembeni ndiyo niliyoiombea fedha. Jibu, kwamba fungu limekwisha, lilinifikia wiki ile ile iliyozinduliwa programu mpya kwa mahema, fulana na utepe, nayo ikapakiwa juu ya mzee huyo huyo, kwani kuzindua kuna kamera na kutunza hakuna. Mkandarasi akalipwa, akaenda zake, na mkataba wake haukutaja mwaka wa pili.

Katika kikao kilichofuata nililileta shauri upya. Mwenyekiti akauliza, "Kwani sasa hivi haifanyi kazi?" Nikasema inafanya. Kumbukumbu zikaandikwa kwamba mhandisi aendelee kufuatilia.