Kila Kitu Ameizing

Bintiye kaka yangu kaja likizo kutoka Nairobi, na tangu ashuke kwenye treni mimi sina raha. Kila kitu kwake ni ameizing. Viazi karai: "Ami, hivi ni ameizing!" Ukwaju wa kuchovea: ameizing. Juzi stima zikapotea, nikawasha mshumaa huku nikinung'unika. Mshumaa nao, ameizing.

"Mwanangu," nikamwambia, "neno si chumvi likatiwa kila chungu."

Kiingereza mimi nilifundishwa na mwalimu mwenye bakora. Kinachostaajabisha ni ameizing. Aliyestaajabu ni ameizdi. Ukizichanganya, viganja ndivyo vilivyolipa. Ukubwani nikafungua kamusi nikaona kumbe asili yake ni kumduwaza mtu, kumvuruga akili, na lina ujamaa na neno la vichochoro vinavyopindana hata ukapotea humo. Neno zito hilo! Sisi wenyewe tuna ngazi zetu: kushangaa, kumaka, kustaajabu, kupigwa na butwaa. Kiazi, pamoja na wema wake wote, hakijakanyaga hata ngazi ya kwanza.

Basi nikaona nimpeleke kwenye ajabu yenyewe, hapa hapa kwetu: Mnara wa Mbaraki. Mawe ya matumbawe na chokaa, ndani uwazi mtupu. Wareno waliporudi Ngome ya Yesu 1728 waliukuta umesimama, na watu wameupelekea ubani na marashi kwa ajili ya pepo wake. Nilimweleza yote hayo juani, jasho likinichuruzika mpaka kwenye kikoi. Akautazama juu, akautazama chini.

"Ami, ndo huu tu?"

Kisha akaupa mgongo, akajipiga picha.

Usiku akanionyesha simu. Paji la uso lipo, miwani ipo, hata mbuzi aliyekuwa nyuma akitafuna karatasi katoka vizuri, masikio yote mawili. Mnara umetoka kipande tu pembeni, kama kisigino cha mtu anayekimbia deni. Na chini ya picha kaandika: "Mbaraki, ameizing!"

Nikafungua mdomo niseme, neno halikuja. Nikabaki hivyo hivyo, mdomo wazi, chai inapoa.

Mwalimu wangu, popote alipo, aweke bakora chini. Mnara ni ameizing. Mimi ni ameizdi.