Shifta ya Baiskeli Kuukuu

Shifta ni kile kidude kinachobanwa kwenye usukani wa baiskeli ya gia, ambacho mwendeshaji hukibonyeza kwa kidole gumba ili gia ibadilike. Katika baiskeli ya mtumba, aghalabu ndicho cha kwanza kukataa amri. Gumba linabonyeza, linasukuma, linabembeleza, na ule mlio wa "ka!" hausikiki. Baiskeli iliyosifiwa dukani kuwa ina gia 21 inabaki na chache tu, na upande wa nyuma humwachia mwenyewe ile nzito kuliko zote. Si kwamba ina kisirani: waya unaotoka kwenye shifta ukilegea, springi ya direla, yaani kile kikono cha nyuma kinachohamisha mnyororo, huupeleka mnyororo kwenye duara dogo kabisa. Mlimani, mwenye gia 21 hupitwa na muuza mkaa anayesukuma baiskeli yake kwa miguu.

Zamani shifta haikuwa na mlio. Ilikuwa kikono kilichoshikiliwa na msuguano tu, na gia ilitafutwa kwa sikio. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa seti ya Dura-Ace ambayo kila gia ilikuwa na kituo chake, na baada ya hapo shifta zikajaa vimeno na springi ndogo ndogo zinazolainishwa kwa grisi. Grisi hiyo ikikaa miaka mingi hukauka na kunata, vimeno vikashindwa kurudi na kung'ata. Kwa hiyo shifta nyingi zinazotupwa hazijafa; zimeganda tu.

Dawa yake ni rahisi hata inaudhi. Hufunguliwa kifuniko cha nje peke yake, ndani hudondoshewa mafuta ya taa, kisha kikono husukumwa bila kuchoka mpaka vimeno vianze kuitikia. Mafuta ya taa huondoa na ulaini wote, kwa hiyo humaliziwa kwa matone machache ya oili nyepesi. Anayeshikwa na udadisi akafungua mpaka ndani kabisa huona springi moja, nyembamba kama unywele, ikiruka na kutua mchangani. Hapo watoto wa mtaa mzima huitwa kuinama, na kinachopatikana ni vifuniko vya soda.

Vimeno vikiitikia na gia bado ikagoma, huangaliwa waya. Hupenda kukatikia ndani ya shifta, karibu na kichwa chake, nyuzi zikabaki zikichoma kidole. Ganda lake pia lina mambo. La breki limesukwa kwa waya wa kujiviringisha, nalo hubonyea kidogo, kiasi cha kutosha kuichanganya gia. La gia lina nyuzi zilizonyooka. Kutumia la breki kwenye gia ni kero tu. Kutumia la gia kwenye breki ni hatari, kwani linaweza kupasuka breki ikibanwa kwa nguvu.

Shifta iliyovunjika kweli hubadilishwa. Muuzaji atasema zote ni sawa. Si sawa: ya kulia huendesha gia za nyuma, nayo lazima ilingane nazo kwa idadi, tena iuvute waya kwa kipimo ambacho direla inakitaka. Anayechoshwa na hesabu hizo atafute shifta ya msuguano ya mtindo wa zamani. Haina mlio, ila haiulizi idadi ya gia, na kwa baiskeli kuukuu hiyo ndiyo ya kuchukua.

Mwisho hukazwa waya na kuzungushwa kirekebishi chake, robo mzunguko kwa wakati, mpaka mnyororo uache kukwaruza. Skrubu mbili za direla huhakikishwa zinauzuia mnyororo usitumbukie kwenye spoki wala kuangukia upande wa fremu. Siku chache baadaye waya mpya na ganda lake hujikalisha, gia zikaanza kusitasita tena. Nusu mzunguko wa kirekebishi hutosha, lakini wengi huwa wameshafika kwa fundi kudai kwamba wameuziwa feki.