Mwongozo wa Kumleta Rita Machakos

Umeamua kufufua Educating Rita, tamthilia ya Willy Russell iliyoigizwa mara ya kwanza London mwaka wa 1980. Hongera. Ina wahusika wawili tu, Rita, msusi mwenye kiu ya masomo, na Frank, mhadhiri mwenye kiu ya wiski, kwa hiyo Probox moja inabeba kundi zima pamoja na jukwaa. Fuata hatua hizi ili watazamaji warudi nyumbani wakiamini kwamba matabaka ni ugonjwa wa Waingereza.

1. Jiandae kwa swali la kwanza. Mwalimu mkuu hatauliza inahusu nini. Atauliza, "Iko kwa silabasi?" Nora wa A Doll's House, mke wa Kinorwe aliyetungwa 1879, alizijua kumbi za shule zetu kwa sababu tu alitahiniwa. Rita hana bahati hiyo. Basi gawa karatasi zenye "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)". Wanafunzi watajaa, ila hawatacheka kabla hawajaitambua mbinu ya lugha.

2. Mtafutie Frank ofisi. Rita anasomea Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Sisi tunacho chetu: Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023, na makao yake yako Konza, humu humu kaunti. Shida ni kwamba kinafundisha mtandaoni, na tamthilia nzima inatokea ndani ya chumba kimoja kilichosheheni vitabu. Mpe Rita simu na bando, mteja akae chini ya draya, na Frank awe sauti inayokatikakatika. Ukisisitiza chumba, onya watazamaji mapema: mhadhiri mmoja kumngoja mwanafunzi mmoja, tena hayuko kwenye mgomo, ni jambo watakaloliona kama uchawi.

3. Safisha pombe. Frank huficha chupa nyuma ya vitabu. Utaombwa uweke chai. Kubali, na umwache apepesuke kwa chai. Pombe ya kaluvu usiitaje kabisa, maana wazee wa mstari wa mbele wataiulizia.

4. Linda lafudhi. Rita anaongea kama watu wa mtaa wake wa kaskazini mwa Uingereza. Mwigizaji wako, bila kuambiwa, ataongea kama msomaji wa habari. Mwache hivyo hivyo. Akitumia Kiingereza cha kwao Mwala au Masinga, ukumbi utaangua kicheko kwamba anashrabu, na watakaotangulia kucheka ni waliovalishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kikamba. Hatari ni kwamba katikati ya kicheko mmoja wao anaweza kukumbuka uzito wa kile kibao, na hapo utakuwa umewaletea tamthilia ya Machakos.

5. Usimguse Denny. Mume huyu wa Rita, anayesimuliwa tu jukwaani, anachoma vitabu vya mkewe kwa sababu anataka mtoto, si digrii. Hapa hakuna cha kurekebisha. Baadhi ya wanaume watampigia makofi, nao wake zao watainamia simu.

6. Mpangie Mheshimiwa. Atafika amechelewa, katikati ya onyesho, na atataka kumkabidhi Rita basari kwa hundi pana kama mlango. Mwigizaji apokee, apigwe picha, ashukuru serikali. Usimweleze Mheshimiwa kwamba Rita ametungwa. Wanaohitaji karo kikweli wako nje ya lango, wamekosa kiingilio.

7. Panga viti. Makochi yenye vitambaa vyeupe mbele kwa wageni mashuhuri, pamoja na maji ya chupa. Viti vya plastiki kwa shule za kitaifa. Mabenchi kwa shule za kaunti. Shule za kutwa za kaunti ndogo zisimame ukutani, kwani zimezoea. Wakikwambia kwamba siku hizi madaraja ya sekondari ya juu ni C1 hadi C4, badilisha vibandiko, viti uviache palepale. Hakikisha kila mtu ameketi anapostahili kabla ya pazia kufunguliwa: Rita anahitaji karibu saa mbili kulieleza jambo hilo, ilhali mabawabu wako wanalimaliza kwa dakika kumi.