Muulize Mzee Mshauri: Kompyuta za Mfukoni

Mzee Mshauri, mimi ni dalali wa nyumba na viwanja. Anwani za wateja naziandika katika vikaratasi, navyo huishia kwa dobi pamoja na kanzu. Nimeazimu kununua kompyuta ya mfukoni. Je, ninunue Palm au Psion? — Dalali, Mombasa

Bwana Dalali, umeuliza jina la chombo kabla hujaijua haja yako. Jeff Hawkins, Mmarekani aliyebuni Pilot ya Palm iliyotoka mwaka 1996, kabla ya kuunda chochote alikata kipande cha mti kinachoenea mfuko wa shati, akawa akitembea nacho na kukitoa kila alipopewa miadi, akijifanya anaandika juu yake, ili ajue kama kweli mtu atakuwa na raghba ya kubeba kitu cha namna hiyo. Nawe mwambie seremala akukatie kibao, ukitie mfukoni juma zima. Na ikiwa mbele ya mteja mkono wako bado watafuta karatasi, hifadhi fedha zako.

Kibao kikikufaa, tazama waandika wapi. Psion Series 5, sanaa ya Waingereza ya mwaka 1997, ina kibodi ya kweli ambayo mtu aliyeketi aweza kuandikia barua nzima, na betri zake mbili ni zile za AA zipatikanazo kila duka; lakini dalali huandika amesimama ngazini, funguo mkononi, mteja akimhimiza. Palm hutumia kalamu, nayo ina hati yake ambayo huna budi kujifunza: A, kwa mfano, huandikwa bila ya kile kistari cha katikati, na kwa kuwa Kiswahili hakiendi hatua mbili bila ya A, utaizoea kabla ya adhuhuri. Wala usione dhila kusomeshwa hati na mashine. Newton ya Apple, mwaka 1993, ilidai kwamba itausoma mwandiko wa bwana wake, ikawa maskhara ya magazeti, na mwaka 1998 ikaachwa kabisa. Nunua Palm.

Mume wangu amenunua kompyuta ya mfukoni aina ya iPAQ, yenye kioo cha rangi. Umeme ulikatika, chombo kikazima, naye akaniuliza mimi tarehe ya harusi ya mwanetu! — Mama Harusi, Unguja

Bibi, iPAQ yapendeza kuitazama kuliko kuitegemea: yataka chaji takriban kila siku, na betri ikikauka kabisa, yote uliyoiamini nayo hupotea. Aiuze, anunue isiyo na rangi. Tarehe usimwambie mpaka aiuze.

Rafiki yangu ameliandika deni langu katika Pilot yake. Betri zikiisha, deni si limekufa? — Muulizaji Tu, Tanga

Ukizitoa betri za Pilot, kumbukumbu zake hudumu kiasi cha dakika moja, basi tamaa yako haikukosa msingi. Lakini kila akiiweka Pilot juu ya kitako chake na kubonyeza kitufe, nakala huhamia kompyuta ya mezani. Lipa.