Nyumba na Mchwa Wake

Dar es Salaam nyumba isiyouzwa ndiyo inayotangazwa. Pita mtaa wowote wa zamani, uwe Ilala, Temeke au Kinondoni, utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi zenye kimo cha mtoto wa chekechea: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongezea chini, OGOPA MATAPELI. Nyumba inayouzwa kweli haibandikwi hata kijikaratasi. Inanong'onwa kwa dalali, dalali anamnong'oneza dalali mwenzake, na kila mnong'ono unaongeza cha juu.

Nyumba ya marehemu baba, kule Magomeni, ilikuwa nayo maandishi hayo. Kaka aliyapaka baada ya jamaa mmoja kukutwa akiwaonyesha wateja vyumba vyetu na kujiita mwenye nyumba, huku sisi tumo ndani tunakula. Wateja walitusalimia kwa adabu kabisa, wakidhani ni wapangaji. Basi tulipokubaliana ndugu wote kuuza, tukakubaliana vilevile kwamba hakuna atakayetoa shilingi ya matengenezo, na papo hapo likazuka swali: kufuta maandishi si matengenezo? Kaka akasema rangi ni hela. Maandishi yakabaki, na kila aliyekuja kuona nyumba inayouzwa alipokewa na ukuta uliomwambia haiuzwi.

Msituone mabahili bure. Fundi tulimwita. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili mnayoijua: korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani jiko, bomba na choo. Baba aliijenga miaka ya 1970 kwa mchanga ambao fundi aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatangaza kuwa ni wa baharini. Ndiyo maana kuta zake hazijawahi kuacha kutoa chumvi. Plasta inavimba, inapasuka, inadondoka unga, ukifagia leo kesho unafagia tena. Fundi akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani na mahesabu mdomoni. Bati ukiligusa, mbao zitataka kubadilishwa. Mbao ukizigusa, lenta haitavumilia. Lenta ukiigusa... Hapo alitazama ukuta, akanyamaza kwa heshima. Alituandikia bati geji 28, mbao zilizotiwa dawa, saruji, nondo, misumari, na mstari wa mwisho aliouita "mengineyo", ambao peke yake uliizidi mistari yote ya juu yake. Kaka akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Inauzwa kama ilivyo."

Msimamizi wa mirathi ni mimi. Mahakama ya mwanzo ilinikabidhi fomu namba 4, nikala kiapo kwamba nitakusanya mali ya marehemu na kuigawa kwa haki. Shangazi na Baba Mdogo hawakuwa na fungu hata moja katika mirathi ile, na ndio waliokuwa na maoni mengi kuliko warithi. Shangazi aliona aibu. Nyumba ya kaka yake ionyeshwe watu ikiwa na mapengo! Asubuhi moja alitokea na ndoo ya chokaa na brashi, akapaka korido nzima, akisema haya si matengenezo, ni usafi. Kwa siku chache korido ilimeremeta. Kisha masika yakaingia, chumvi ikaisukuma chokaa kutoka ndani, ukuta ukatoka malengelenge ambayo haukuwahi kuwa nayo. Madalali wanalijua hili: nyumba wanaionyesha Januari. Mnunuzi mwenye akili zake huja kuitazama Aprili.

Wakili niliyemwendea alinieleza kwamba kuuza kama ilivyo si kuuza kimyakimya. Sheria ya Mikataba inamruhusu mnunuzi kuuvunja mkataba akithibitisha kuwa alidanganywa, na kuifunika kasoro kwa makusudi isionekane nako ni kudanganya. Nikampelekea Shangazi habari kwamba chokaa yake inaweza kutufikisha kortini.

"Basi na mabibi harusi wote washtakiwe," akasema.

Nikaandika karatasi ya kasoro, sikuacha kitu. Paa linavuja chumba cha pili kushoto, na cha tatu kulia kukivuma kusi. Mchwa wamo kwenye fremu za milango yote isipokuwa ya choo. Swichi ya korido inawasha taa ya uani. Shimo la choo hujaa wakati wa masika, na jirani huwa anajua kabla yetu. Dalali alianza kuisoma akiwa amesimama, akakaa, akairudia.

"Dada, unauza nyumba au unaishtaki?"

Yeye alikuwa na namna yake ya kusema. Kwake paa linalovuja ni nyumba yenye hewa. Ukuta wenye nyufa ni nyumba ya siku nyingi, imeshatulia. Choo kilichojaa hakisemwi. Inasemwa dakika za kutembea hadi kituo cha mwendokasi. Na lazima nikiri, nikimsikiliza hata mimi nilitamani kuinunua.

Shida ya ukweli ni kwamba hauna mteja. Walikuja kijana na mkewe, wote waajiriwa, wamejibana miaka wapate kwao. Niliwasomea karatasi yote kwa sauti. Mke akanikazia macho.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Samahani dada, lakini mtu akikutajia bati linavuja kabla hujamuuliza, ujue lipo analolificha."

Wakaenda kwa majirani kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kufia kisimani. Nyumba haina kisima. Hilo nalo likawatia shaka zaidi: kilifukiwa lini, na kwa nini? Sikuwaona tena.

Wakati huo alikuwepo mpangaji wetu wa chumba cha uani, kinyozi, ambaye hakutaka nyumba iuzwe na alikuwa na hoja. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na katika nyumba ile mwenye kununua umeme mara nyingi alikuwa yeye. "Jengo hili nalilipia kodi mimi," aliwaambia wateja kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetarajia kushirikishwa. Kwa wasioshtuka na hilo alikuwa na akiba ya hadithi: mwanamke wa kanga nyeupe anayechota maji bombani saa nane za usiku. Aliisimulia vizuri sana, na kwa vituo. Lakini alipokwisha kuisikia karatasi yangu ikisomwa mbele ya wateja kadhaa, aliacha. "Dada umenizidi," alisema. "Mimi nawatisha kwa usiku tu, wewe hata mchana."

Kisha akaja mzee mstaafu mwenye tochi, futi ya chuma na daftari la mistari. Huyu ndiye pekee aliyeifurahia karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akakaa mkekani, na kila kasoro akaiandikia bei ya kukata. Paa, toa milioni kumi na mbili. Mchwa, toa tatu. Ukuta wa korido atauvunja ajenge mwingine, toa sita. Rangi ya ukuta wa korido, toa moja.

"Mzee," kaka akauliza, "rangi ya ukuta upi, na umeshauvunja?"

"Ule mpya. Mimi nikae na ukuta mtupu?"

Akatoa pia laki tano za kubandua chokaa ya Shangazi kabla ya kuuvunja huo ukuta. Shangazi alikuwa jikoni, akasikia. Sufuria ziligongana kwa muda. Mzee akaendelea taratibu, chumba kwa chumba, mpaka akapiga mstari chini, akajumlisha, akavua miwani. Kwa hesabu zake, ili aichukue nyumba ile, sisi ndio tungemwongezea kidogo. Akatushauri tusiamue kwa haraka. Chai aliimaliza, na mihogo pia.

Katika kungoja mteja mwingine nilipata nafasi ya kusoma nini hasa tulikuwa tunauza, na nilichokikuta kilinichekesha peke yangu. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 inasema ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Raia anapewa haki ya kuitumia, na maendelezo aliyoyaweka juu yake ndiyo yake. Zamani kiwanja kitupu hata hakikuhesabiwa kuwa na thamani yake. Ulichoweza kukidai bei ni ulichokijenga. Kwa hiyo tangu zamani za baba, udongo ule haukuwa wetu sawasawa. Chetu hasa kilikuwa chumvi, nyufa na mchwa. Sokoni mambo yako kinyume kabisa: tangu mwendokasi uanze kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, hakuna anayekuja Magomeni kutafuta maendelezo ya marehemu baba yangu.

Hilo alilijua mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo. Alishuka kwenye gari adhuhuri, akasimama barabarani chini ya mwavuli. Nikamkaribisha ndani.

"Nimeshaiona, mwanangu."

Nikatoa karatasi yangu. Akaikunja mara mbili bila kuisoma, akajipepea nayo. Akauliza: hati ipo? Upana wa mbele futi ngapi? Ndugu wote wameridhia? Nikaona haya kumwacha hivyohivyo, nikamwambia paa linavuja.

"Litavuja mpaka lini? Nalivunja."

Dalali aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka kwa furaha. Mama alitaka kujenga fremu za maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Bei aliyoitaja haikuwa imekatwa mchwa wala rangi. Aliyeumia ni Shangazi, aliyetaka kujua kama mtu anaweza kweli kuvunja ukuta uliopakwa chokaa mwaka huohuo.

Ya ofisini nayapita haraka: upekuzi wa hati, uthamini, kishika uchumba, kodi ya asilimia 10 ya faida au asilimia 3 ya bei kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Baba alitunza risiti ya baiskeli na risiti ya redio kwa miaka yote hiyo, za saruji hakuna hata moja. Kwenye mkataba kaka alishikilia kiandikwe kifungu kwamba nyumba inauzwa kama ilivyo siku ya kutia saini, ili mtu asije akaturudia kwa habari ya choo. Mama alikisoma hicho kifungu peke yake kati ya vyote, akatikisa kichwa kukubali, akasaini. Robo ya hela ingebaki hadi siku ya kukabidhi.

Habari kwamba nyumba itavunjwa ilifika kwa ukoo kabla wakili hajafunga kalamu. Watu waliokuwa wakiiita gofu wakaanza kuja kuchukua kumbukumbu. Baba Mdogo aling'oa mlango wa mbele, mninga mtupu, akisema waliununua pamoja na marehemu. Binamu wakachukua nondo za madirisha. Shangazi alichukua bomba. Kinyozi, akihama, aliondoka na ile swichi, sijui aifanyie nini. Kaka, mwenye kifungu chake, alishusha bati kadhaa za banda la kuku.

Siku ya kukabidhi mama akaja na fundi wa kuvunja, ambaye alikuwa ameshamlipa bei ya mlango, nondo, mbao na bati. Mama alitoa kwenye mkoba ile karatasi yangu, akaikunjua, na kwa mara ya kwanza akaisoma yote, kidole kikishuka mstari hadi mstari.

"Mwanangu, hapa umeandika swichi ya korido inawasha taa ya uani. Swichi iko wapi? Hapa umeandika paa linavuja. Hili paa lote liko wapi? Na sioni palipoandikwa kuwa nyumba haina mlango."

Dalali alikuwa tayari amekaa chini, kwenye tofali. Simu zikapigwa. Mpaka magharibi bati zilikuwa zimerudi na kinyesi cha kuku, nondo zimerudi, Shangazi akaleta bomba likiwa ndani ya kanga, na Baba Mdogo akatokea na mlango juu ya guta, akidai kwanza arudishiwe nauli ya kwenda na ya kuja. Mama hakutaka mlango ulioegeshwa ukutani. Siku ya kusaini ulikuwa kwenye bawaba zake, unafunga na unafungua, na robo ya hela ilikuwa mkobani mwake. Fremu ya zamani, ikiguswa, iligeuka unga wa mchwa.

Tukamwita fundi usiku ule. Kaka akalipia fremu mpya, bawaba mpya na skrubu za inchi tatu, na fundi akaupachika mlango, akaupima kwa pimamaji, akaurudia kwa sababu ulikuwa unakwaruza kidogo chini. Yule wa kuvunja alisimama kando yake muda wote akimshikia tochi, nyundo chini ya kwapa, akimhimiza amalize apate kuung'oa.